Aombe Mwenyewe

Pombe? Mume wangu? Huyu ambaye hata harusini anaomba maji ya uvuguvugu? Nilipoona kile kidude cha kupulizia kimewaka taa nyekundu nilicheka kwa sauti, nikidhani kimeharibika. Askari wa barabarani hakucheka. Alichukua funguo, akakaa yeye kwenye usukani, na sote watatu, na keki ya harusi kiti cha nyuma, tukaelekea kituoni.

Keki yenyewe ndiyo iliyotuponza. Mimi ni mwoka keki, na nikishaoka tangu alfajiri ulimi unakufa ganzi, sijui tamu wala chungu. Kwa hiyo mwonjaji wangu ni yeye. Mteja alitaka keki iliyonyweshwa shira yenye pombe ya ramu, nami niliongeza shira ya mwisho gari likiwa limeshawashwa. Nikamkimbilia dirishani na kijiko. "Hebu sukutua, niambie kama imekolea!" Akasukutua, akatema kwenye kitambaa, akasema imekolea. Tulipokunja kona ya kwanza tu, askari huyu hapa.

Sasa sikilizeni balaa lenyewe. Mume wangu ni dereva wa basi la shule. Akitiwa hatiani kwa kuendesha akiwa amelewa, leseni inakwenda, na kazi inakwenda nayo, maana ni shule gani itamkabidhi watoto wa watu? Na huyu bwana ana ugonjwa mmoja: hajui kukataa kosa. Ukimkanyaga mguu, anayeomba radhi ni yeye. Nyumbani sufuria ikiungua, hata kama hakuwepo, utamsikia, "Nisamehe mama watoto, ni mimi." Siku zote nilidhani ni upole. Siku ile nikaona ni hatari tupu!

Kaunta tulimkuta koplo wa zamu, mama mmoja wa miwani, mkavu kweli kweli. Alisikiliza maneno ya askari wake, akaandika maelezo upesi upesi, akamsogezea mume wangu karatasi. "Mzee, kubali tu yaishe. Tia sahihi hapa."

Mume wangu akashika kalamu!

"Weee! Weka chini hiyo kalamu!" Nilipiga ukelele mpaka mahabusu huko ndani wakanyamaza. Njiani nilikuwa nimeshampigia simu mpwa wake, binti wa dada yake, ambaye ni wakili. Alinieleza haraka haraka: asiseme lolote, asitie sahihi, adai kupimwa mara ya pili. Ramu ya kusukutua inabaki mdomoni muda mfupi tu, kisha inapotea. Ya aliyekunywa iko kwenye damu, haimtoki upesi hivyo. "Lakini msizubae, aunti," aliniambia. "Mkichelewa watasema alikuwa amelewa, pombe imemtoka akingoja."

Basi nikayamwaga yote pale kaunta. Haki ya kunyamaza! Haki ya wakili! Haki ya kupimwa tena! Kila moja na kofi lake mezani. Koplo alinisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani.

"Mama, yote uliyosema ni kweli. Ila haki ni yake, si yako. Mtuhumiwa ni huyu. Aombe mwenyewe, kwa mdomo wake, bila kusukumwa na mtu. Ukiongeza neno moja nakutoa nje."

Mungu wangu! Kuniambia mimi ninyamaze! Nilikaa kwenye benchi, nikabana midomo, nikamtolea macho mume wangu. Akanitazama. Akaitazama kalamu. Akaitazama sakafu. Kisha nikamsikia, "Afande, samahani kwa usumbufu..." Kwisha habari yetu! Ulimi niliung'ata, kimoyomoyo nikipiga kelele: omba, baba! Omba, nakusihi!

Akairudisha ile karatasi kwa koplo, akimtazama usoni.

"Sikunywa," akasema. Halafu ikatoka sauti ambayo labda watoto wa basi lake wanaijua, mimi nilikuwa siijui. "Sikunywa, na sahihi sitii. Nataka nipimwe tena, sasa hivi. Na kama haitoshi, nipelekwe hospitali nitolewe damu."

Jamani! Ilibidi nikalie mikono nisirukeruke.

Koplo akaleta kipimo, akakitia mrija mpya mbele ya macho yetu. Mume wangu akajaza kifua, akapuliza. Kidude kikalia, kikawaka kijani. Sifuri! Koplo akakigeuza, akakitazama kwa karibu, sifuri ileile. Nikapiga vigelegele kituo kizima kikasikia, na yule yule aliyetaka kunitoa nje akaishia kucheka.

"Haya, chukueni gari lenu mwende," akasema.

Mume wangu hakusogea. "Naomba kwanza majibu haya yaandikwe, afande, pamoja na yale ya mwanzo." Yakaandikwa. Mimi nilikuwa mlangoni, mdomo wazi.

Tukaingia garini, tukaondoka mbio. Hatujafika mbali simu yangu ikalia. Mama wa bibi harusi, amewaka! Wageni wameshakaa, keki iko wapi, ni nani aliyetuchelewesha? Nikajibu kama ninavyojibu siku zote, "Samahani sana dada, ni huyu mume wangu, yaani huyu bwana..."

Mume wangu akapunguza mwendo. Aligeuka tu akanitazama, vile vile alivyomtazama koplo.

Aibu ilinipanda tangu visiginoni.

"Hapana, dada," nikasema. "Yeye hana kosa. Ni mimi niliyempa mtu kijiko cha ramu akiwa ameshika usukani."

Hapo ndipo akakanyaga mafuta.