Dole Gumba la Mama Mkwe

Saa moja asubuhi, kabla hajashika pasi ya mkaa, Mama Pasi alikuwa ameshamgeuza mama mkwe wake mara mbili. Aliingiza mkono mmoja chini ya bega, mwingine chini ya nyonga, akavuta pumzi, akamlaza ubavu. Kidonda cha mgongoni kilikuwa kimekauka pembezoni. Katikati kilikuwa bado kibichi. Akakisafisha kwa maji ya chumvi, akakifunika kwa kitambaa kilichopigwa pasi, akapandisha shuka.

"Nisomee," mama mkwe akasema. Kiharusi kilikuwa kimeuchukua upande wote wa kulia, mguu, mkono na nusu ya mdomo, kwa hiyo neno lilitoka limepinda. Mama Pasi ndiye pekee aliyemwelewa bila kumwambia arudie.

Akachukua Kitabu, akasoma ukurasa mzima akiwa amesimama, maana mkaa ulikuwa unaungua bure barazani.

"Unasoma kama unanisomea karatasi ya dawa."

"Si nasoma lakini, mama?"

"Unasoma, mwanangu. Wanaokiamini hawaji kunisomea."

Walikuwa wamekuja mwezi ule wa kwanza wa ugonjwa, miaka minne nyuma. Akina mama wa jumuiya waliimba, wakalia, wakaacha sabuni mche mmoja. Baada ya hapo waliishia barazani. Walileta kanzu za ibada zipigwe pasi, na wakati wakingoja waliuliza, viatu vikiwa miguuni, "Mgonjwa wetu anaendeleaje?" Mama Pasi aliwajibu kwamba anaendelea. Walipofika njiani walimwita yule mpagani, tena hawakujisumbua kushusha sauti.

Hakuwahi kubishana na mtu juu ya Mungu. Mumewe alipofariki aliendelea kwenda kwenye ibada mwaka mzima, akipiga magoti pale wenzake walipopiga. Kisha akaacha, kama mtu anavyoacha sukari kwenye chai: siku za mwanzo zilimpa taabu, baadaye akasahau. Kulipokuwa na ibada, yeye alifua shuka.

Mama mkwe alifariki Alhamisi mchana. Mama Pasi aliingia kumgeuza, akapitisha mikono kama kawaida, akavuta. Siku zote mwili ule ulimsaidia kidogo, hata kwa kubana pumzi tu. Safari hii haukumsaidia. Akamlaza taratibu, akamfumba macho, akaenda kuchemsha maji ya kumwosha.

Aliporudi na sufuria, Mwenyekiti wa akina mama alikuwa tayari amesimama mlangoni, kajifunga kanga kiunoni, na wenzake watano nyuma yake.

"Hapo panatosha, Mama Pasi. Lete hayo maji."

"Nataka kumwosha mwenyewe."

"Dada, usitutie majaribuni. Maiti ya mcha Mungu haishikwi na mkono usiosali."

"Nimemwosha miaka minne."

"Alikuwa hai," Mwenyekiti akasema, akaipokea sufuria, akafunga mlango.

Mama Pasi akakaa kwenye benchi lake la kazi, upande wa pili wa ukuta. Alisikia maji yakimwagika ovyo. Akainuka, akasogeza mdomo kwenye upenyo wa mlango.

"Mkono wa kulia msiuvute. Umekaza. Ukandeni kwanza."

"Tunajua kazi yetu."

Akasikia kitu kikilia, kikavu, kama kuni nyembamba inayovunjika. Baadaye kidogo wimbo ukaanza.

Mazikoni kiongozi wa jumuiya alisema marehemu alikuwa na bahati. "Hakutelekezwa hata siku moja. Jumuiya hii ilimbeba kama mtoto." Akina mama wakaitikia kwa vichwa, mmoja akafuta machozi. Wakati huo Mama Pasi alikuwa kasimama nyuma kabisa, karibu na wachimba kaburi, walikomwelekeza asimame.

Wiki iliyofuata kiongozi na Mwenyekiti wakaja, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka minne wakavua viatu. Kiongozi akatandaza karatasi mezani. Marehemu alikuwa ameiachia jumuiya nyumba hii, akasema, iwe makao ya wajane.

"Mimi pia ni mjane," Mama Pasi akasema.

"Wajane waumini," Mwenyekiti akasema kwa upole, kama anayemsahihisha mtoto.

Mama Pasi akaivuta karatasi. Tarehe ilikuwa ya mwezi ule wa nyimbo na sabuni. Aliikumbuka siku yenyewe; walimtuma akanunue maziwa ya mgonjwa. Chini kulikuwa na alama ya wino wa zambarau, na pembeni maneno: *dole gumba la kulia*.

"Mkono huu ulikuwa umekufa," akasema. "Hakuweza kuunyanyua hata kufukuza nzi. Nani aliunyanyua?"

Kiongozi akaikunja karatasi yake. "Wewe ungeona mkono umekufa. Mwenye imani anaona ni Mungu aliyeunyanyua."

Asubuhi yake Mama Pasi akaenda ofisi ya mtaa. Karani akamsikiliza huku akichokonoa meno, akafungua daftari la malalamiko, halafu akamsukumia mbele yake Kitabu kilichofunikwa nailoni.

"Apa kwanza."

Mama Pasi akaweka kiganja juu yake. Nailoni ilikuwa inanata. "Naapa nitasema kweli."

Karani akacheka, si kwa ubaya. "Mama Pasi, wewe? Mtaa mzima unajua huamini. Nitaandika nini hapa? Kiapo chako hakina uzito."

"Basi nisiape. Niandikie maneno yangu tu."

"Bila kiapo ni umbeya, mama." Akafunga daftari. "Kaongee nao vizuri. Wale ni watu wa Mungu, wana huruma."

Jumuiya ikampa hadi Jumamosi ahame. Jumamosi mvuta mkokoteni akaja saa nane, wakatoa kitanda, benchi, sufuria mbili na godoro, wakaviweka uani wakitafuta kamba. Akina mama wa jumuiya walikuwa wamefika na ndoo za chokaa. Mwenyekiti akamwita barazani.

"Hatuwezi kukuacha uondoke hivihivi, dada. Hatuna kinyongo. Inamisha kichwa."

Akainamisha. Alikuwa amechoka, na kuinamisha kulikuwa rahisi kuliko kukataa. Wakamzunguka, viganja sita vikamshika utosini na mabegani, vizito, vya moto. Wakamwombea asamehewe kiburi. Wakamwombea moyo wake mgumu uvunjwe. Mvuta mkokoteni akavua kofia, akasimama wima na kamba mkononi.

Tone la kwanza likagonga bati. Kisha mengine, kisha yote kwa pamoja. Kati ya mikono yao Mama Pasi aliliona godoro uani likibadilika rangi, kuanzia kwenye pembe. Akajaribu kuinua kichwa. Viganja vikakaza.

"Tunakushukuru, Mola," Mwenyekiti akapaza sauti kuishinda mvua, "kwa kuwa umetusikia. Tunakushukuru kwa baraka hii unayotumwagia."

"Amina," wakaitikia, na Mwenyekiti akavuta pumzi aendelee.