Kivuli Kilichotembea Ukutani

Giza lilikuwa linaanza kushika, fundi wa kuchomelea vyuma, ambaye mtaa mzima ulimwita Cheche, amekaa uani na mama yake, mbingu ilipowaka. Iliwaka kweli, si masihara. Ndoo, kamba ya nguo, banda la kuku, vyote vilioga mwanga wa bluu kama vitu vya ndotoni. Na Cheche, kwa mazoea ya kazi yake, akafumba macho na kugeuzia uso ukutani. Alipofumbua, kivuli kilikuwa kinateleza juu ya ukuta, taratibu, kisha giza likarudi.

"Limepita jua dogo," mama alisema kwa sauti ya chini. "Lina mkia wa kijani."

Cheche akageuka kumtazama. Macho ya mama yalikuwa na ukungu, na siku hizi alikuwa akisimulia wageni waliokaa kitandani kwake ambao hakuna mwingine aliyewaona. Dada mkubwa alikuwa amekuja kumchukua akaishi kwake, mbali. Mama alisihi aachwe amalizie maisha yake nyumbani kwake, Cheche naye akasihi mpaka koo likamkauka, dada akakubali kwa shingo upande kulala siku moja ajionee mwenyewe hali ya mama. Siku yenyewe ndiyo hiyo, na tayari kuna jua la usiku.

Dada akatoka chumba cha nyuma, kisicho na dirisha, alikokuwa ameanza kufungasha nguo za mama, gauni moja mkononi. Aliposimuliwa, alimtazama mdogo wake kwa huruma. "Wewe ulikuwa hapa. Umeliona?"

Ulimi ulimwasha kusema ndiyo. Lakini dada alijua fika jinsi Cheche alivyozoea kumkingia mama kifua.

"Sijaliona. Nilifumba macho."

Mikono ya mama ikalegea mapajani, na Cheche akaumia kuiona.

"Lakini niliona kivuli chako, mama. Kilianzia mlangoni kikapita ukuta wote hadi bombani. Na nilipogeuka, wewe ulikuwa palepale kitini. Mwanga ndio uliosogea."

Dada aliangalia kiti, akaangalia ukuta. Ndipo ngurumo ilipofika kutoka mbali, na mbingu haina wingu hata moja, nzito, kama mapipa matupu yanayobingirishwa, na mabati ya banda yakatetemeka. Kuku walilalamika kidogo wakanyamaza.

Dada akavuta kigoda, akakaa karibu na mama. Alimuuliza lilitokea upande gani, na mama akanyoosha kidole, akaeleza bila haraka, na wote watatu wakawa wanatazama juu pasipo na kitu.

"Na wale wageni wa kitandani, mama?" dada akauliza.

"Aa, wale hawapo, mwanangu," mama alisema. "Najua hawapo. Nawaona tu. Hakuna aliyeniuliza."

Dada akalikunja lile gauni vizuri. Kisha akaingia ndani kurudisha nguo za mama kabatini.