Raba ya Kwanza ya Asubuhi

Ofisa ununuzi wa kiwanda cha magari alifika karakana ya dada yake Jumatatu saa nne asubuhi, shati limepigwa pasi likanyooka, na hakupewa hata maji ya kunywa. Usishangae. Kwa mwaka mmoja na nusu ndugu hao wawili walikuwa wakisalimiana misibani na harusini tu, tena kwa ncha ya ulimi.

Kisa chenyewe si kirefu. Dada mtu, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Raba, alirithi karakana kwa baba yao: mashine mbili za kukandamiza mpira, tanuri moja, watu saba, na harufu ya kiberiti isiyotoka nguoni hata ufue mara tatu. Kwa miaka thelathini walikitengenezea kiwanda kitu kimoja, raba ya duara isiyozidi kifuniko cha chupa, yenye tundu katikati, inayokaa pale nyaya zinapotoka kwenye injini kuingia ndani ya gari. Raba hiyo isipokuwepo, mvua ikinyesha maji hufuata nyaya na kumlowesha dereva miguu, na nyaya zenyewe huchubuka mpaka siku moja gari linazimika katikati ya barabara. Kisha makao makuu ya kampuni, huko ng'ambo, wakaamua kwamba viwanda vyao vyote duniani vitanunua raba kwa mtengenezaji mmoja tu, wa nchi nyingine ya mbali, kwa sababu bei yake ilikuwa chini kwa senti chache. Barua ya kumwachisha Mama Raba ilisainiwa na ofisa ununuzi. Na ofisa ununuzi ni mdogo wake wa tumbo moja, aliyesomeshwa kwa raba hizohizo. Hebu jiweke mahali pa dada huyo.

Tangu hapo karakana iliishi kwa soli za kandambili na vizuizi vya milango, na soli hazilishi watu saba. Mwezi ule mnunuzi wa vyuma chakavu alikuwa amekwisha kuja na futi yake, akaipima ile mashine kubwa waliyoiita Babu, akaahidi kurudi na lori mwisho wa mwezi. Babu akiondoka, karakana nayo imeondoka.

"Meli imekwama, dada," alisema mdogo mtu, bado amesimama, maana hakuna aliyemwonyesha kiti. "Bandari ya njiani imefungwa, makontena yamerundikana, raba zetu zitachelewa wiki tatu. Zilizobaki ghalani zinatosha mpaka Jumatano tu. Alhamisi asubuhi laini nzima inasimama. Watu mia nne wanakunja mikono kwa sababu ya kitu cha kutia mfukoni!"

"Poleni sana," alisema Mama Raba, akaendelea kukata soli.

"Dada."

"Si nimesema poleni? Ulitaka nilie?"

Mjomba wao, fundi wa kalibu, yaani yule anayechonga vyuma ambamo mpira hukandamizwa na kupata umbo, alikohoa kutoka kwenye kona yake. "Mpe mtoto kiti, bwana."

"Mtoto ana miaka arobaini na moja, mjomba. Miguu yake inamtosha."

Mdogo mtu alihitaji raba mia nane kabla ya Alhamisi. Raba ilikuwa ileile, isipokuwa tundu, ambalo limeongezwa kidogo kwa kuwa magari ya siku hizi yana nyaya nyingi. Alitoa mchoro kwenye bahasha, na kipande cha fungu la nyaya kama kidole, cha kupimia. Mama Raba alivitazama bila kuvigusa.

"Na meli ikifika?"

Mdogo mtu akatazama viatu vyake.

"Sikiliza," alisema dada. "Mimi si tairi la spea, nitolewe kwenye buti siku ya pancha kisha nirudishwe gizani. Raba zako nitakutengenezea. Lakini nataka karakana irudi kwenye orodha, na iwe kwa maandishi."

"Hilo haliko mikononi mwangu. Mkaguzi wa makao makuu yuko hapa wiki hii, yeye ndiye anayesema nani aingie. Kesho naweza kumleta. Ila atataka kumbukumbu za ubora, za miezi sita mfululizo, bila kuruka siku ya kazi." Akaangaza macho kwenye kuta zilizojaa masizi. "Mna karatasi yoyote humu?"

Karatasi iliyokuwamo ilikuwa kalenda ya mwaka juzi.

"Mlete," alisema Mama Raba.

Sasa, karakana ile ilikuwa na desturi yake, na wageni walizoea kuicheka. Raba ya kwanza ya kila asubuhi haikuuzwa. Ilipoa, ikapitishiwa fungu la nyaya kuona kama inazing'ang'ania, ikaandikwa tarehe kwa rangi nyeupe pamoja na alama ya aliyeikandamiza, kisha ikatundikwa kwenye waya chumba cha nyuma, ubavuni mwa ya jana. Na kabla haijatundikwa, chai haikutoka. Marehemu baba yao ndiye aliyeipanga hivyo, kwa sababu aliwajua watu wake: kupima walikuwa tayari kusahau, chai kamwe. Ulinzi wa birika ulikuwa wa mama mmoja mkata kingo waliyemwita Waziri, na mama huyo hakuwahi kulegeza sheria hata siku aliyoumwa jino.

Jumanne waliamka na haraka. Mjomba alikuwa amechonga pini mpya, ile inayokaa katikati ya kalibu na kuacha tundu, na kwa kuwa mpira husinyaa ukipoa, aliinenepesha kidogo kama alivyofanya maisha yake yote. Babu alipopata moto, Mama Raba alitazama saa akasema, "Leo hatutundiki. Tukandamize tu." Wakakandamiza kama watu wanaofukuzwa. Ilipofika saa nne makreti yalikuwa na raba mia tatu na kumi na mbili, na makoo yamekauka kama kokoto.

"Waziri, mimina chai," alisema Mama Raba.

Waziri alikuwa ameliweka birika katikati ya miguu yake, kifuniko juu, mkono juu ya kifuniko. "Ya kwanza iko wapi?"

"Leo hatuna muda, wewe nawe!"

"Basi na chai haina muda."

"Mwenye karakana ni nani hapa?"

"Wewe. Mwenye birika ni mimi."

Mjomba alimsihi, akamkumbusha umri wake na vidonge vyake. Waziri alimhurumia sana, lakini mkono haukuondoka kwenye kifuniko. Mama Raba, kwa hasira, aliokota raba mojawapo, akachukua lile fungu la nyaya, akalisukuma tunduni ili amalize ubishi. Fungu likapita lote na kudondoka sakafuni, kama mguu wa mtoto kwenye kiatu cha baba yake.

Alijaribu ya pili, ya tatu, ya kumi. Zote zilikuwa hivyo. Mjomba alivaa miwani, akauinua mchoro kwenye mwanga wa dirisha, akausoma tena kutoka juu, na polepole akakaa chini. Mchoro ule haukuwa wa raba. Ulikuwa wa kalibu yenyewe, na waliouchora walikuwa wamekwisha kuongeza ule unene wa kusinyaa. Yeye akauongeza mara ya pili.

"Nimewaua," alisema mjomba.

Na hapohapo, kana kwamba walikuwa wakisubiri nje ya mlango, gari likapiga breki uani.

Mkaguzi alikuwa mwanamke mrefu mwenye viatu vya soli nene na daftari kwapani. Kiswahili hakukijua, kwa hiyo ofisa ununuzi ndiye alikuwa mkalimani. Alipoyaona makreti, uso wake uling'aa. "Mia tatu tayari? Dada, Mungu akupe..."

"Mwambie zote ni mbovu."

Mdogo mtu alisogea karibu, akaishusha sauti huku akitabasamu kwa ajili ya mgeni. "Usinifanyie hivi. Mwonyeshe kreti zilivyojaa, akiondoka mtarekebisha. Yeye haelewi tunachosema."

Mama Raba alimtazama Babu, aliyekuwa bado anafuka mvuke, na akaliona lori la vyuma chakavu waziwazi akilini, na wanaume wanne wakimfunga Babu minyororo. Aliogopa, asikudanganye mtu. Neno moja tu la uongo, tena si yeye atakayelisema. Lakini raba hizi zikitoka nje ya mlango huu na mtu akazihesabu, nani atazirudisha? Zikiingia kwenye magari mia tatu, mvua ya kwanza itamtaja kwa jina.

"Mwambie," alisema. "Na usipunguze hata neno."

Mdogo mtu aliyatazama tena makreti. Kisha akamgeukia mkaguzi, akasema, na maneno yake yakawa marefu kuliko alivyotarajia dada. Katikati aliuchukua mchoro mkononi mwa mjomba, akauonyesha, halafu akajigusa kifuani.

"Umemwambia nini?"

"Kwamba zote ni mbovu." Jasho lilikuwa limelowesha kola yake iliyonyooka. "Na kwamba mchoro nilioutoa mimi sio. Kosa limeanzia mezani kwangu, si kwa mjomba."

Mama Raba alimtazama machoni, kwa mara ya kwanza tangu ile barua. Mkaguzi akauliza kitu.

"Anauliza mmegunduaje."

"Mwambie tulinyimwa chai."

"Nimwambie hivyo?"

"Hivyohivyo."

Mdogo mtu akamsimulia mkaguzi desturi nzima, ya chai na ya raba zinazotundikwa chumba cha nyuma, na Waziri akaliinua birika juu ili ushahidi uonekane. Mkaguzi aliutazama uso wa Waziri, akalitazama birika, akafunga daftari lake, na kuomba apelekwe kwenye hicho chumba cha nyuma.

Nyaya zilikuwa zimevutwa kutoka ukuta hadi ukuta, safu juu ya safu, na raba zimeninginia bega kwa bega kwa maelfu, kila moja na tarehe yake. Mdogo mtu hakuwa ameingia humo tangu alipoenda chuo. Mkaguzi alianzia mlangoni, akasoma tarehe moja moja, mara kwa mara akishusha raba na kuipitishia fungu la nyaya la zamani lililokuwa limefungwa kwenye msumari. Zote ziling'ang'ania. Akaendelea mwaka baada ya mwaka, na ofisa ununuzi nyuma yake, mpaka wakaufikia mwezi ambao ofisa huyo aliujua kwa moyo, kwa sababu tarehe ile ilikuwa juu ya saini yake. Alijua kwamba hapo waya utakuwa mtupu.

Haukuwa mtupu. Siku ya pili baada ya barua kulikuwa na raba. Na siku ya tatu. Wiki, miezi, waya baada ya waya, mpaka jana.

"Hizi ni za nini?" aliuliza kwa sauti ndogo. "Si mlikuwa mnatengeneza soli?"

"Soli ni baada ya raba. Kila asubuhi raba moja kwanza, kwa kalibu yetu ya zamani."

"Kwa ajili ya nani?"

"Kalibu ikikaa bure inashika kutu," alisema Mama Raba, akijishughulisha na fundo la waya lisilokuwa na tatizo lolote.

"Usimsikilize," alisema mjomba. "Kutu unapaka mafuta, imekwisha. Alikuwa anawangoja mrudi."

Mdogo mtu aligeukia ukutani, akavua miwani, na alichukua muda mrefu kuifuta. Mkaguzi alihesabu miezi sita ya mwisho kwa kalamu, siku kwa siku, akaandika, kisha akasema maneno machache.

"Anasema miezi sita ipo, na zaidi," alitafsiri mdogo mtu. "Imekosekana siku moja tu. Leo."

"Leo haijaisha," alisema Mama Raba.

Mjomba alikuwa amekwisha kuikimbilia mashine ya kukereza chuma, mbio ambazo hakuna aliyejua kama bado anazo. Saa sita pini mpya ilikuwa tayari. Saa saba kasorobo raba ikatoka, ikapoa, nyaya zikapita kwa kusukumwa sana, zikabanwa. Mkaguzi mwenyewe aliitundika. Ndipo Waziri alipoondoa mkono kwenye kifuniko, na chai iliyopoa ikanywewa kama maziwa. Jumatano saa kumi jioni raba mia nane ziliondoka kwenda kiwandani, na Alhamisi laini haikusimama hata dakika.

Meli ilifika baada ya wiki tatu, kama ilivyoahidiwa, na makreti yake yote. Mwisho wa mwezi nao ulifika. Mnunuzi wa vyuma chakavu alikuja na lori lake, lakini Waziri alimkuta langoni akamwambia, "Babu yuko kazini, rudi akistaafu." Maneno hayo aliyasema bila idhini ya mtu, maana barua ya kuirudisha karakana kwenye orodha ilikuwa haijaja, na Mama Raba alikuwa ndani, hajui kama acheke au atetemeke.

Barua ilikuja siku ya pili, mkononi mwa mdogo wake, mapema, kabla ya chai. Makao makuu walikuwa wamechoka kuning'inizwa na meli moja. Kuanzia sasa kila kifaa kitakuwa na watengenezaji wawili, mmoja wa mbali na mmoja wa karibu, na theluthi moja ya raba za kiwanda hiki na za viwanda viwili jirani zitatoka kwa Mama Raba. Aliisoma akiwa wima, akaisoma tena, akaikunja ndogo na kuitia kifuani. Kisha akatoa aproni msumarini, ile ya marehemu baba yao, akamtupia mdogo wake.

"Vaa."

"Dada, nina kikao saa tatu."

"Vaa, nimesema. Shati utapiga pasi kesho."

Akavaa. Alikuwa amesahau mengi, akaungua kidole, na mjomba akamwongoza mkono kama zamani. Raba ilitoka, ikapoa, ikang'ang'ania. Mdogo mtu aliandika tarehe kwa rangi nyeupe, na chini yake alama aliyokuwa akiiweka akiwa na miaka kumi na minne, nyota yenye ncha nne, kwa kuwa ya tano haikuwahi kupata nafasi. Dada yake aliiona nyota ile, machozi yakamtoka waziwazi mbele ya wafanyakazi wote, na hakuyafuta. Akaipokea raba, akaitundika ubavuni mwa ya jana.

Waziri akamimina kikombe cha kwanza, akampa mgeni mwenye aproni.