Kufuli la Nukta

Wanafunzi wananiita Mwalimu Cheche, na wakidhani sijui, wamenoa. Nafundisha uchomeleaji, ndiyo, lakini jina hilo halikutoka kwenye mashine ya kuchomelea, limetoka mdomoni mwangu. Nina hasira za karibu, sifichi. Kwa hiyo chuo chetu cha ufundi kilipotangaza kwamba wahandisi wa kiwanda cha maboksi watakuwa wanakuja kila wiki kuwasaidia vijana kutengeneza roboti, wa kwanza kununa nilikuwa mimi. Nilijua watakuja na mashati yao yaliyopigwa pasi, wapige picha, waage.

Akaja mmoja tukampa jina la Injinia Taratibu. Mrefu, mpole, anaongea kama mtu anayeogopa maneno yasimwishie. Siku ya kwanza hakugusa roboti wala kompyuta. Alimwaga makufuli mekundu juu ya meza ya karakana, kila mwanafunzi akachukua lake na funguo zake mbili. Halafu akawa anauchukua ufunguo mmoja wa kila mwanafunzi, anauweka juu ya fuawe, anauponda kwa nyundo mbele ya macho ya mwenyewe.

"Kabla hujaingiza mkono kwenye mashine," alisema, "unazima swichi kuu, unaifunga kwa kufuli lako, ufunguo unatia mfukoni. Kufuli likiwepo, maana yake kuna mtu kwenye mashine. Bosi hafungui, mwalimu hafungui, mimi sifungui. Anafungua mwenyewe."

"Na mwenyewe akienda kuoa?" akauliza mtundu mmoja wa nyuma.

"Tutamngoja. Tena tutampelekea zawadi."

Darasa zima likaangua kicheko. Mimi nilitoka nje, nikaenda bombani kunawa uso, maana machozi yalikuwa yananilenga na sikutaka wanafunzi wanione.

Nilikuwa namkumbuka kaka yangu. Kaka hana mkono wa kulia. Zamani, katika kiwanda kingine mbali na hapa, aliingia kusafisha mashine ya kuchanganyia, na msimamizi akaona kazi inachelewa, akawasha. Hakuita, hakuchungulia. Alipoulizwa baadaye alisema, "Tulikuwa na haraka." Basi. Maneno hayo tu ndiyo tuliyopewa, na mwanawe Kaka alikuwa bado ananyonya.

Mtoto huyo ndiye Nukta. Tulimwita hivyo kwa udogo wake, na mpaka leo, msichana mzima, ukimtafuta nyuma ya mashine humwoni. Nimemlea bega kwa bega na wifi yangu, na sasa ni mwanafunzi wangu hapa chuoni. Ana vidole vyepesi, na akishika bisibisi husahau kula. Kiwanda kilikuwa kimeahidi kwamba siku ya maonyesho mkurugenzi mwenyewe atakuja kuwatazama vijana, achague mmoja wa kwenda kujifunza kazi kwao kisha aajiriwe. Nukta aliitaka nafasi hiyo kuliko kitu chochote duniani. Lakini baba yake, kila akitajiwa kiwanda, alikuwa na jibu lile lile.

"Mkono nimeshatoa. Mtoto sitoi."

Roboti yenyewe ilikuwa mkono wa chuma wa kunyanyua maboksi na kuyapanga. Tuliuita Bi Harusi, kwa sababu kila ukitaka atoke, bado hajawa tayari. Mabomba niliyachomelea mimi, mota waliitoa kiwandani, na mambo ya ndani, gia na nyaya, yalikuwa mikononi mwa Nukta. Siku moja kabla ya maonyesho nilimwacha anapaka gia grisi. Akaniambia, "Shangazi, nitamalizia asubuhi."

Asubuhi ikafika. Viti vimepangwa, sakafu imepigwa deki, mkurugenzi ameketi mbele na saa yake ya mkononi, wanafunzi wamevaa ovaroli zilizofuliwa. Nukta hayupo. Napiga simu, inaita mpaka inakatika. Bi Harusi yuko pale mezani, kifuniko cha gia kimefunguliwa, na kwenye swichi kuu linaning'inia kufuli jekundu lenye alama ya rangi nyeupe. Kufuli la Nukta.

Mkurugenzi akatazama saa. Akakohoa. Akatazama tena.

"Nina kikao kingine," alisema. "Hakuna mwingine anayeweza kutuonyesha?"

Damu ikanichemka. Mtoto amejitesa miezi na miezi, leo nafasi inampita hivi hivi kwa sababu ya kijichuma! Nikachukua grenda, nikavaa miwani, nikamwendea Bi Harusi. Nilipanga kukata kufuli, kufunga kifuniko na kuiwasha mashine mwenyewe, huku nikitangaza kwa sauti kwamba hii ni kazi ya Nukta, aliyekwama njiani. Injinia Taratibu akaja akasimama mbele ya swichi.

"Mwalimu, hapana."

"Pisha."

"Mwenye kufuli hajaja."

"Injinia, tusitaniane! Huu ni mkono wa roboti, mtu ataingia wapi humo? Nakijua kila kilichomo ndani."

"Kila anayewasha husema anajua," akajibu, wala hakupandisha sauti. "Mwalimu, nampenda Nukta kama unavyompenda. Lakini nikikuachia ulikate leo kwa sababu bosi ana haraka, nitakuwa nimemfundisha kwamba linakatika. Siku akiwa na mikono yake ndani, nitamwambia nini?"

Bosi ana haraka. Nilihisi kama nimemwagiwa maji ya baridi. Nikaiweka grenda chini, nikavua miwani. Mimi, dada yake Kaka, ndiye niliyetaka kukata! Nikamgeukia mkurugenzi, nikamwonyesha kufuli kwa kidole.

Mkurugenzi alitazama kufuli, akanitazama mimi. Halafu akatoa simu mfukoni, akapiga mahali.

"Nitachelewa," alisema. "Sijui mpaka saa ngapi. Kuna mtu kwenye mashine."

Akakunja mikono kifuani, akangoja. Sote tukangoja. Mtundu wa nyuma alianza mzaha wake, wenzake wakamkata jicho, akanyamaza.

Mlango uliposukumwa, Nukta aliingia akihema, uso umemloa jasho, amemshika mtu mkono wa shati. Alikuwa Kaka. Shati jeupe, vifungo vimefungwa kombo, mkono mtupu wa shati umebanwa kwa pini. Kaka, ambaye kwa miaka yote alikuwa hapiti hata kwenye barabara yenye geti la kiwanda.

"Samahani jamani, samahani," Nukta alisema, karibu kulia. "Shangazi, nilitaka aje aone kwa macho yake. Kila tukifika kona anataka kurudi. Simu nimeisahau nyumbani."

Kaka hakuwa anamsikiliza. Alikuwa anatazama viti vilivyojaa, wanafunzi waliosimama ukutani, mzee mwenye suti.

"Hawa wote wanangoja nini?" akaniuliza kwa sauti ya chini.

Injinia Taratibu akamwonyesha swichi.

"Tunamngoja mwenye kufuli, mzee."

"Na bosi wenu?"

"Na mimi," mkurugenzi akasema.

Kaka akasogea mpaka mezani. Akalishika kufuli kwa mkono wake wa kushoto, akalipima uzito kiganjani, kitu chenyewe kidogo hivi.

"Kumbe watu wanaweza kungoja," alisema. Nilimkumbatia mbele ya watu wote, nikalia kwa sauti, na atakayenicheka na acheke.

Nukta alipangusa macho, akaingiza mkono kwenye gia, akatoa kitambaa cha grisi alichokiacha humo. Mimi niliyekijua kila kilichomo ndani nilitazama dari. Akafunga kifuniko, akatoa ufunguo mfukoni, akafungua kufuli lake, akawasha swichi. Bi Harusi akanguruma, akanyanyua boksi, akasita nalo hewani kwa maringo yake, kisha akalitua upande upande. Watu walipiga makofi hata hivyo.

Mkurugenzi hakuzungumza na Nukta kwanza. Alimwendea Kaka, akampa mkono wa kushoto.

"Mzee, huyu namtaka kiwandani kwangu. Utaniruhusu?"

Nukta alikuwa amebana midomo, kufuli amelikumbatia kifuani kwa mikono yake yote miwili. Kaka aliitazama mikono ile.

"Atakwenda na kufuli lake?" akauliza.

"La kwake mwenyewe."

Kaka akamgeukia mwanawe.

"Simu unaweza kuisahau nyumbani," alimwambia. "Ufunguo usiusahau."