Milimita Sita

Kwa miaka thelathini na minne Waride hakuwahi kumwita mumewe kwa jina. Mtoto wa kwanza alipozaliwa alianza kumtaja kwa watu kama Baba Azan. Mwenyewe alimwita "wewe", au hakumwita kabisa. Hakuna aliyemkataza. Kwao Maparoni mke hatamki jina la mume, kama vile mtu haingii nyumba ya mwenzie bila kubisha hodi.

Hilo halikuwamo katika karatasi ya watafiti.

Alikutana nao Kibiti, katika chumba walichokiazima kwa shughuli yao. Daktari Salima, mtaalamu wa ubongo kutoka Dar es Salaam, alikuwa akichunguza watu waliopoteza usemi kwa kiharusi. Alitaka kujua kama ubongo wao bado unaitambua sauti ya mtu wa karibu, hata kama kinywa hakisemi wala macho hayaonyeshi. Mgonjwa hulazwa ndani ya mashine ya MRI, sumaku kubwa yenye tundu katikati. Husikilizishwa sauti ya mkewe, kisha sauti ya mwanamke asiyemjua, kwa maneno yaleyale, na mashine hufuatilia damu inaelekea wapi ndani ya ubongo.

Waride hakuuliza habari za damu. "Mtaniambia kama ananijua?"

"Nitakuambia mashine ilichokiona, mama," Daktari Salima alisema. "Zaidi ya hapo nitakuwa nakudanganya."

Miezi kumi na moja sasa tangu kiharusi kimpate, Bwanaheri alimtazama mkewe kama mgeni mpole anavyomtazama mwenye nyumba. Alipokea uji. Alikubali kuogeshwa. Akimaliza, macho yalirudi ukutani. Waride alikwisha kuzoea kumbeba, kumfulia na kumgeuza kitandani; lile jicho la mgeni hakulizoea. Mtu humtamani aliyesafiri, akahesabu siku. Yeye alimtamani mtu aliyekaa naye mkeka mmoja, na siku za kuhesabu hakuwa nazo.

Ridhiwani, mpiga picha wa mashine, kijana wa Ikwiriri mwenye maneno mengi, alimsogezea kinasa sauti. "Haya mama, sema: Bwanaheri, ni mimi mkeo, unanisikia?"

Waride akakitazama kinasa sauti.

"Au mna ugomvi? Tungoje mpatane?"

"Mtundu wewe, mwanangu." Akavuta pumzi, akayasema maneno yale kama karani anayeita majina ya wapiga kura.

Wiki iliyofuata gari la utafiti likawapeleka Dar es Salaam. Ridhiwani alimvua mzee mkanda, saa na hirizi. Hirizi aliibonyeza mara mbili, kwani ndani yake mlikuwa na kipande cha bati. "Sumaku hii haijui dua, babu," alisema. "Ingekuchomolea hii shingoni."

Asubuhi ya pili Daktari Salima alimweleza Waride matokeo bila kuyapaka asali. Sehemu za kusikia zilifanya kazi vizuri. Lakini kati ya sauti yake na ya yule mwanamke mwingine, mashine haikuona tofauti.

"Yaani hanijui."

"Yaani hatukuona tofauti. Hayo ni mambo mawili."

Waride akakunja pindo la kanga yake, akalikunjua. "Hata mimi nisingejijua," alisema. "Jina lake sijapata kulitamka. Mliniambia niliseme, nikalisema. Aliyesikika mle ndani ni mwanamke yeyote."

Daktari Salima akaweka kalamu chini. Maneno ya kurekodi aliyachukua katika utafiti wa nchi nyingine, akayatafsiri, akayajaribu kwa watu ishirini wa mjini. Hakuna aliyelalamika.

"Kosa ni langu," alisema. "Wewe humwita vipi?"

"Baba Azan ni la kumtaja kwa watu. Mwenyewe nyumbani simwiti. Nikimtaka nakohoa, au namtuma mtoto. Shambani ndiko ninakomwita."

Akaeleza. Mpunga ukianza kukomaa, wao huhamia bondeni kuamia ndege, kuwafukuza wasiule, wakakaa juu ya madungu, vibanda vya miguu mirefu. Dungu lake huwa upande mmoja wa shamba, la mumewe upande wa pili. Kundi la ndege likimponyoka Waride, hupaza sauti. Mumewe hajibu kwa maneno: huzungusha kombeo, donge la udongo likavuma hewani.

"Tuurekodi wito huo," Ridhiwani akasema.

"Humu chumbani? Wito ule hauitwi chumbani."

Wakatoka nyuma ya hospitali. Waride alimrudisha kijana nyuma mara tatu, "Bado, rudi, rudi," mpaka mgongo wake ukagusa matangi ya maji. Ndipo akaweka viganja mdomoni.

"Haooo! Wanakuja kwakooo!"

Mlinzi akatoka mbio getini kutazama nani anakuja.

Mchana wakamlaza mzee tena. Waride alisimama kwenye dirisha la kioo. Kutoka ndani alisikia kugonga kwa mashine tu, kama injini ya boti iliyokosa mafuta. Dakika ya nne, mkono wa kushoto wa mumewe ukainuka kwenye shuka, ukazunguka mara mbili, ukaanguka.

"Babu katikisika!" Ridhiwani akasema. Picha kwenye kioo cha kompyuta zilikuwa zimevurugika.

"Kichwa kimesogea milimita sita," Daktari Salima alisoma. Kanuni yake ilikuwa milimita tatu. Picha zilizozidi hapo hutupwa. Akazitupa.

"Mkono ule ndio wa kombeo," Waride alisema. "Yeye ni mashoto."

Daktari akamgeukia. "Mama, siwezi kuyaita hayo matokeo. Mkono huweza kuinuka wenyewe, na imetokea mara moja tu." Akavuta daftari. "Lakini nitaandika: mkono wa kushoto, umezunguka mara mbili, baada ya wito. Hilo nimeliona."

Walipofika Maparoni, Waride alimketisha mumewe barazani, akachuchumaa mbele yake, akasema kwa sauti ya chini, "Hao, wanakuja kwako." Bwanaheri akamtazama kwa upole wa mgeni.

Akainuka. Akavuka uwanja, akapita kisima, akaenda mpaka mwanzo wa shamba, mumewe akaonekana mdogo kama kidole. Akaita. Mkono ukainuka, ukazunguka. Na kichwa kikageuka. Bwanaheri alikuwa akitafuta.

Waride akarudi mbio, kanga ikimponyoka begani. Kabla hajafika, macho yale yalikwisha kumwacha, yamerudi ukutani.

Imetokea mara moja tu, daktari alisema. Basi Waride akarudia, asubuhi na jioni, kwa siku tano. Katika miito kumi, mkono uliinuka mara nane. Kila akirudi alitembea polepole, akitazama ni wapi macho yanapoacha kumtafuta, na siku ya tano akachomeka kijiti pale. Akapima: hatua thelathini kutoka barazani.

Tangu hapo, uji ukiiva, huuacha upoe kwanza. Hupita kijiti na bakuli, akaliweka chini, akaita, akangoja mkono uinuke na uso ugeuke. Husimama akitafutwa kadiri anavyoweza kuvumilia. Kisha huchukua bakuli na kuzivuka zile hatua thelathini, akijua kwamba akifika atalikuta lile jicho la mgeni.