Kifaa Kidogo Hakiuzwi

Kitufe cha A cha laptopu kiling'oka siku ya gulio, watu wakiwa wamejaa dukani mpaka mlangoni. Kiliruka kama punje ya mahindi kwenye kikaango, kikatumbukia katika gunia la viazi la mteja mmoja. Gunia likamwagwa, viazi vikapekuliwa kimoja kimoja, watu wakacheka, na kitufe kikapatikana. Lakini vile vikucha viwili vya plastiki vilivyokuwa vikikishikilia vilikuwa vimevunjika. Rahabu Mbaraka alikiweka kiganjani akakitazama. Hata herufi yenyewe ilikwisha kufutika zamani. Aliyejua kwamba ile ni A alikuwa yeye na kidole chake.

Hakushangaa sana. Waliounda mashine ile hawakuwa na habari na Kiswahili. Huko kwao A ni herufi miongoni mwa herufi. Kwa mtu anayechapa kutwa kadi za harusi, mihtasari ya vikao na barua za kuomba kazi, A ndiyo punda wa mizigo, na punda huchoka kabla ya mwenye mzigo.

Rahabu alikuwa mpiga chapa wa ofisi ya shamba la chai tangu ujana wake, mpaka shamba likauzwa kwa mwekezaji, na mwekezaji akaanza uwekezaji wake kwa kupunguza watu. Kiinua mgongo chake hakukinunulia ng'ombe wala bati. Alinunua laptopu kwa kampuni moja ya Dar es Salaam iliyokuwa ikijitangaza redioni, akapanga chumba pale Soni, kati ya muuza vitunguu na kinyozi. Ndugu zake walisema amerukwa na akili. Yeye aliitunza mashine ile kama mgonjwa wa nyumbani. Vimpira vya chini vilipoliwa, alikata vingine kwenye ndala kuukuu. Skrubu za bawaba zilipolegea, fundi saa alimtafutia nyingine. Waya ulipochunika, aliuvisha mpira wa tyubu ya baiskeli. A peke yake ndiyo iliyomshinda. Alijaribu gundi, gundi ikachuruzika chini, na mashine ikaanza kuandika A yenyewe, ukurasa mzima, kama mtu anayelia. Akakibandua kile kitufe, akawa anabonyeza kijipira kilichobaki uchi, kwanza kwa ukucha, na ukucha ulipouma, kwa kitako cha kalamu.

Ndipo akapiga simu. Kampuni ile ilikuwa na kitu kilichoitwa Huduma kwa Wateja, na kitu hicho kilikuwa na muziki wa kinanda. Rahabu aliusikiliza muziki huo mpaka vocha ikaisha, akakwangua nyingine, akausikiliza tena. Mwishowe ikaja sauti ya kijana.

"Davis hapa, nikusaidie nini?"

Hata shikamoo hakutoa. Kiswahili chake kilikuwa cha mjini, kimepigwa pasi na kukunjwa, lakini mwishoni mwa maneno sauti ilipanda na kushuka kidogo, na Rahabu akatambua milima yake. Huyu mtoto wa huku, alijisemea, na moyo ukamtulia.

"Mwanangu, naomba kitufe kimoja. Cha A. Kimevunjika vikucha."

"Mama, kifaa kidogo hakiuzwi peke yake. Unanunua kibodi nzima, na inaagizwa nje."

"Waranti yangu bado haijaisha."

"Waranti haigusi vitu vya kuchakaa. Tafadhali subiri kwenye laini."

Akasubiri. Ila safari hii kinanda hakikulia. Davis alikuwa hajabonyeza alichopaswa kubonyeza, na Rahabu akasikia kiti kikisogezwa, kisha sauti ile ile, sasa bila pasi: "Jamani, njooni mcheke. Kuna bibi wa milimani huku anataka A. Moja! Si angebaki na kabichi zake?" Kicheko kikaja kwa wingi, cha wanaume na wanawake. Kisha sauti ikarudi, tamu kama asali. "Asante kwa kusubiri, mama. Simu yako ni muhimu kwetu."

Rahabu alikata simu. Alikaa juu ya kigoda chake, hasira imemjaa kifuani hata mteja aliyeuliza bei ya bahasha akatajiwa bei ya kadi ya harusi. Kunyimwa A angeweza kusamehe. Hakuwa amezaliwa jana, alijua maduka. Lakini kuchekwa na mtoto wa milimani kwa sababu ya milima, hapana. Hilo alilimeza zima, na likakataa kushuka.

Kisha ukaja ubaya wenyewe. Shule za kata zilikuwa zikimpa mitihani ya muhula aichape, na kazi hiyo ndiyo iliyomfanya aitwe Mama Chapa kutoka Soni mpaka Bumbuli. Muhula ule kalamu iliteleza, mtihani wa darasa la saba ukatoka na maneno yenye mapengo, watoto wakaangua kicheko, na mwalimu mkuu akaja kuzungumza naye kwa upole. Upole wa mtu anayehama. Kazi ikapandishwa Lushoto. Watu wakaanza kumwita Rahabu tu.

Tangu hapo, kila alipobonyeza kile kijipira alilitaja jina la Davis kimoyomoyo. Alimwombea mabaya mengi, mengine hata aibu kuyaandika. Zaidi ya yote aliomba amwone kijana yule akilia mbele za watu, na yeye Rahabu awe karibu, asikie vizuri, bila kinanda. Kila Jumapili aliimba kanisani kwamba Mungu ni pendo, na kila Jumatatu alirudi kwenye sala yake nyingine.

Mwaka ukapita. Masika yakaja kwa nguvu, mlima ukaporomoka na kuikata barabara ya Lushoto, na anayetaka kitu cha kuchapwa hakuwa na pa kwenda ila kwa Rahabu. Alasiri moja akaingia kijana aliyevaa koti zuri na viatu vilivyojaa tope.

"Samahani, mama. Mnachapa wasifu wa marehemu?"

Sauti ilikuwa ile ile ya kwenye simu. Rahabu akaiweka kalamu chini.

"Tunachapa. Unaitwa nani, mwanangu?"

"Davis. Tunamzika mama kesho, Kwemashai. Nina wageni kutoka Dar, sitaki usomwe kutoka kwenye karatasi ya mkono."

Haya, Mungu, alisema Rahabu moyoni, nimekuona. Angeweza kumwambia asubiri. Angeweza kumwambia kwamba kazi ndogo hazipokelewi, au kuzima mashine na kusema imekufa. Lakini hicho kingekuwa kisasi cha haraka haraka, nacho hakina baraka. Akavuta karatasi, akaanza kuchapa.

Marehemu Dorothea alizaliwa huko huko Kwemashai, akabatizwa, akaolewa, akafiwa na mume mapema. Alisomesha watoto kwa biashara ya mboga.

"Mboga gani?" Rahabu aliuliza, macho kwenye kioo. "Wasifu unapendeza ukitaja kitu."

"Kabichi," alisema Davis. "Andika kabichi na karoti."

Rahabu akaandika kabichi. Kijana alikuwa akiitazama ile kalamu ikipanda na kushuka.

"Mashine yako haina A."

"Haina."

"Mngewapigia waliowauzia. Siku hizi kampuni zina huduma kwa wateja."

Rahabu alimwinulia macho. Uso wa kijana ulikuwa umepauka kwa uchovu, hauna hila wala kumbukumbu yoyote. Alikuwa amemsahau kabisa, kama mtu anavyosahau kikombe cha chai alichokunywa mwaka jana.

"Niliwapigia," alisema.

Simu ya Davis ikaita; akaongea habari za viti na maturubai, akakata, akalainisha koti. Karatasi zilipotoka, safi, kila A mahali pake, akazishika kwa mikono miwili. "Hongera, mama. Umechapa vizuri. Wewe ni Msambaa wa hapa hapa?"

"Mama yangu ni wa hapa. Baba Mzigua, alipanda kuchuma chai."

"Basi wewe ni mtani wetu!" Kwa mara ya kwanza akatabasamu, kinyonge. "Karibu kesho, utuchangamshe."

"Nitakuja," alisema Rahabu.

Hakuna mlango uliowahi kufunguliwa kwa ukarimu namna ile. Mtani msibani hana kosa. Anaweza kumwiga marehemu, akadai deni lisilokuwapo, akalala kwenye njia ya jeneza, na mfiwa hana ruhusa ya kukasirika. Akikasirika, yeye ndiye mwenye aibu. Hata Mchungaji Elisante, mtu mkali kwa pombe na ngoma, alipomwona Rahabu siku ya pili akipasua umati kwa kanga iliyofungwa kiunoni, aliinamisha macho kwenye kitabu cha nyimbo akajifanya anatafuta ukurasa.

Wasifu ulikwisha kusomwa. Jeneza lilikuwa limewekwa kando ya kaburi. Rahabu akaketi juu ya lundo la udongo, miguu ndani ya shimo, akavua ndala moja akaiweka sikioni.

"Kaburi halifungwi!" wakaguna wazee kwa furaha. "Mtani kaketi!"

"Haloo?" alisema Rahabu, kwa sauti ya bibi anayepaza ili asikike mbali. "Huko ni Dar es Salaam? Mimi Dorothea wa Kwemashai. Nimeharibikiwa na kitu. Kitu kidogo tu, moyo."

Kicheko cha kwanza kikapita. Rahabu akahamisha ndala sikio la pili, akajinyoosha shingo. "Davis hapa, nikusaidie nini?"

Watu wakalipuka. Sauti ilikuwa yenyewe. Mwaka mzima alikuwa ameisema kimoyomoyo.

"Mwanangu, huu moyo umechakaa. Naomba mmoja wa kubadilisha."

"Mama, kifaa kidogo hakiuzwi peke yake. Unanunua mwili mzima, na unaagizwa nje."

Bibi mmoja alimshika mwenzake asianguke kwa kucheka. Wageni wa Dar, ambao mwanzoni walitazamana kwa mshtuko, walikuwa wakifuta macho kwa leso.

"Na waranti yangu je?"

"Waranti haigusi vitu vya kuchakaa. Tafadhali subiri kwenye laini. Simu yako ni muhimu kwetu."

Kisha Rahabu akakiimba kile kinanda. Alikijua noti kwa noti. Alikiimba akiyumba polepole juu ya udongo, kirefu, akarudia, macho yake hayabanduki kwa Davis. Alikuwa amebakiza sentensi moja, ile ya bibi wa milimani na kabichi zake, ameiweka mwisho kama mtu anavyoweka mnofu pembeni mwa sahani. Alingoja tu kijana amtambue. Alitaka auone ule wakati.

Davis hakumtambua. Alikuwa amesimama wima, mikono imefungamana, midomo ikichezacheza kama anayetafuta neno. Kinanda kikaanza mara ya tatu. Akaanguka kwenye tope na koti lake zuri, akalia kilio cha mtoto aliyeachwa njiani.

"Mama, nilikuwa kazini! Nilikuwa kazini, mama!"

Kicheko kikakatika. Bibi wawili wakamwendea, wakampakata kichwa.

Rahabu alibaki na ndala sikioni. Sentensi yake ilikuwa tayari ulimini. Akafungua mdomo, kisha akaona kwamba hakuna wa kumwambia. Kijana hakuwa akimsikia mtu yeyote aliye hai. Akaishusha ndala, akaivaa. Wazee walimpa kuku wake wa utani, wakamwinua taratibu, na kaburi likafukiwa kwa wimbo.

Baada ya mazishi alikaa peke yake chini ya ukingo wa paa. Akaja Jackline, dada mkubwa wa Davis, na sahani ya makande. Akaiweka chini, akamshika mikono yote miwili.

"Shikamoo, mama. Nani alikuambia?"

"Marahaba. Aliniambia nini?"

"Kwamba mama alikuwa akimpigia. Kifua kilipoanza kumbana, alikuwa akipanda kule juu kwenye mwamba, ndiko kwenye mtandao. Anarudi anasema, mwenzenu ana wateja, ameniambia nisubiri." Jackline alijifuta kwa pindo la kanga. "Siku ya mwisho alipanda pia. Sisi tulishindwa kumwambia Davis. Na yeye tangu afike hajatoa chozi. Anahesabu viti tu. Tuliogopa atarudi mjini na jiwe lile kifuani. Umetusemea, mtani. Mungu akubariki kwa wema wako."

Rahabu alitaka kusema kwamba hakuna wema. Alitaka kusema, ni mimi, ni mambo yangu, ni A yangu. Kule uani Davis alikuwa bado amelaza kichwa mapajani mwa bibi asiyemjua vizuri, mabega yakitikisika. Machozi aliyoyaombea mwaka mzima ndiyo hayo yakimwagika mbele za watu, na hakukuwa na hata tone moja lililomhusu.

"Amina," alisema, kwa sababu mtu hakatai baraka ya mfiwa.

"Kula basi, kabla hayajapoa."

Jackline akasimama akingoja, kama wenyeji wanavyomngoja mgeni aonje. Rahabu akanawa, akatia mkono. Makande yalikuwa ya moto, maharage yameiva barabara. Yalikuwa matamu, na utamu ule ulimuudhi, na akala mpaka yakaisha.