Kitambaa Kile Kile

Kitambaa cha dari la gari kilianza kuachia nyuma, juu ya kiti alichokuwa akilalia Roméo, na mwanzoni Concessa, mama yake, hakuona ubaya. Gari lilikuwa la mwaka tisini na mbili; ndani yake kila kitu kilikuwa kinaachana na mwenzake. Kitambaa kikashuka kidogo kidogo kama tumbo la mtu aliyeshiba, mpaka mtoto akilazwa kiti cha nyuma na blanketi lake, kitambaa kinakaribia kumgusa pua. Siku moja, wakitoka hospitali kurudi nyumbani Hjulsta, huko Sweden, Roméo akachomoa kalamu ya wino wa buluu kwenye mkoba wa mama yake, akaanza kuchora juu.

"Wewe," Concessa alimwambia alipomwona kwenye kioo. "Gari limekuwa daftari?"

"Det är bara vägen, mama," mtoto akajibu kwa Kiswidi chake cha kila siku. Ni barabara tu.

Na kweli ilikuwa barabara, ile ile waliyokuwa wakipita. Kila safari ya dawa Roméo aliongeza kipande: kona, taa, nyumba, mtu. Mstari ukatoka dirisha la nyuma ukaja mbele, ukaikaribia taa ya ndani, haukuifikia. Saratani ya damu ilimchukua Novemba ya mwaka 2008, akiwa na miaka minane.

Baada ya matanga watu wa kanisani waliona wamhurumie mama. Mama Roméo akawa Mama Natacha, kwa jina la binti mdogo aliyebaki. Hakuna aliyemuuliza. Jina liliondolewa polepole mbele yake, kama kisu kinavyoondolewa kwenye meza ya mgonjwa.

Mwaka na nusu ukapita. Kitambaa kikaachia dari zima. Valéry, mumewe, alikibana kwa pini, pini zikadondoka. Akakibana kwa gundi ya karatasi, kikashuka na gundi yake. Aprili gari lilipopelekwa kwenye ukaguzi, mkaguzi alikaa kiti cha dereva, akatazama kioo akaona kitambaa tu, akaandika: litengenezwe ndani ya mwezi mmoja, la sivyo lisitembee. Valéry alilitegemea kufika kazini Upplands Väsby kabla treni ya kwanza haijaamka.

"Concessa," alisema, bila kumtazama. "Kitambaa kibandikwe tena, au gari tuliache."

"Kitabandikwa," alijibu. "Nitalipeleka mwenyewe."

Stellah, Mkenya wa kwaya, ndiye aliyempa jina la fundi. Owuor alikuja Sweden kusoma uhandisi, akaishia kukodi pembe ya gereji moja kule Jordbro, akishona viti na kuvika madari ya magari. Stellah alimpigia simu kabla: kuna dada yetu Mrundi anakuja, Mama Natacha, mfanyie vizuri.

Njia nzima Concessa alipanga maneno. Alikulia Buyenzi, mtaa wa Bujumbura ambako Kiswahili ndicho maziwa ya kwanza. Hakuwahi kukosa neno. Ila jambo hili lilikuwa na jina moja ndani yake, na alijua akilianza hilo jina hatalifikisha mwisho. Akaamua aseme kwa ufupi, kwa maneno yasiyovunjika.

Owuor aliingiza kichwa ndani ya gari, akainua kitambaa kwa kiganja. Unga wa manjano ukammwagikia mashavuni.

"Ona hii," alisema akicheka. "Sponji imekuwa unga wa ugali. Karibu, Mama Natacha, nikupikie." Kisha akaona michoro. "Na kumbe nyumbani mna msanii. Hawa watoto, ukiwaachia kalamu dakika moja, wanakujengea barabara kuu."

Concessa alitabasamu, maana uso ulikuwa umezoea kufanya hivyo peke yake.

"Fundi, nisikilize," alisema. "Nataka kitambaa kile kile."

"Kile kile?"

"Kile kile. Sitaki kingine, hata kiwe kizuri namna gani."

Owuor alikuna shingo, akakitazama tena. "Cha kijivu hivi, chenye vidoadoa. Itanipa kazi, mama. Lakini nimekusikia. Utapata kile kile, hata mzee wako nyumbani hatajua kama gari liliguswa. Kuja Jumamosi saa nane."

Akashukuru, akamwachia gari. Akapanda treni kurudi mjini akiwa mwepesi, akijisifu moyoni kwamba amesema kila kitu na hakulia.

Jumamosi alifika saa saba, hakuweza kusubiri. Owuor alimfungulia mlango wa gari kama anayemfungulia bibi harusi. Dari lilikuwa limenyooka kama shuka ya hoteli. Kijivu. Vidoadoa. Hakuna kunjo. Hakuna wino.

"Nimezunguka maduka matatu," Owuor alisema. "Mwisho nikakipata kwa mzee mmoja wa huko Södertälje, alikuwa na jora moja limebaki stoo. Pima mwenyewe, hata vidoa vinalingana. Na yale machoro ya watoto yamekwisha, umeona?"

Concessa aliweka kiganja juu. Kilikuwa laini, kikimsukuma mkono kwa sponji mpya.

"Kiko wapi?" aliuliza.

"Nini?"

"Kitambaa."

"Si ndio hiki, mama."

"Kile."

"Kile kibovu? Kile nimetupa." Aliona uso wake, kicheko kikamkauka. "Ulisema kile kile."

"Nilisema kile kile."

"Nikakutafutia kile kile."

Wakatazamana, kila mmoja ameshika neno lake, na neno lilikuwa moja. Owuor alijaribu kujitetea kwa ufundi: kitambaa cha zamani hakirudishwi kamwe, hakuna fundi duniani anayekirudisha, ukikipaka gundi inapenya upande wa pili, kinakuwa kama tambara la jikoni. Kwake yeye maneno yale yangewezaje kuwa na maana nyingine? Concessa alisikia kila hoja, na kila hoja ilikuwa sahihi.

"Owuor," alisema, mara ya kwanza kumwita kwa jina. "Mimi ni Mama Roméo. Ile barabara ni ya Roméo. Hayupo."

Fundi alivua kofia. Alisimama nayo mkononi, kisha akaivaa tena, kisha akavua. "Stellah hakuniambia," alisema taratibu. Halafu akachukua funguo. "Nimekipeleka kwenye kituo cha taka asubuhi. Twende, mama. Twende sasa hivi."

Walikwenda na gari lile lile, Owuor akiendesha, Concessa pembeni, juu yao dari safi. Kwenye kituo cha taka Owuor alitangulia mbio hadi kontena la taka za kuchomwa. Lilikuwa tupu, sakafu yake ya chuma iking'aa kwa maji. Mfanyakazi mwenye kizibao cha rangi ya machungwa aliwasikiliza kwa subira. Owuor alieleza kwa Kiswidi, akarudia, akaonyesha kwa mikono ukubwa wa kitambaa.

"Tyvärr," mtu yule alisema, kwa masikitiko ya kweli. Bahati mbaya. Kontena lilibadilishwa saa tano. Lile la kwanza limeshakwenda kwenye tanuri. Aliuliza kama kulikuwa na kitu cha thamani ndani yake. Owuor akamgeukia Concessa amwambie ajibu nini, naye akainama kutazama sakafu ile tupu.

Wakarudi kukaa garini. Owuor hakuwasha injini. Alikuwa mtu wa kutengeneza, na sasa mikono yake ilikaa tu juu ya usukani, vidole bado vina manjano kwenye kucha.

"Nielezee," alisema mwishowe. "Kilikuwa na nini? Nitakutafutia mtu wa kuchora. Au nitachora mimi mwenyewe, unielekeze. Anza mwanzo."

Concessa aliinua macho juu. "Inaanzia dirisha la nyuma," alisema. "Kuna jengo letu, lina madirisha mengi, kisha mzunguko. Kisha daraja, na chini yake maji. Kisha mwanamke mwenye mwavuli." Kidole chake kikarudi nyuma juu ya dari. "Hapana. Mwanamke ni kabla ya daraja."

"Sawa. Mwanamke, kisha daraja."

"Au ni wanawake wawili."

Nje mtu alikuwa akitupa mbao kwenye kontena, moja moja, na kila moja ilitoa mlio wake.

"Inaanzia dirisha la nyuma," Concessa alisema tena, kwa sauti ya chini zaidi. "Kuna jengo letu."